ILIMITE YA NYUMBANI: TUPIGE HESABU MBELE YA KUTIA SAINI



Kila tunapopita kwenye barabara kubwa za Lubumbashi tunakuta bango: intaneti ya nyumbani, «ilimite», mwezi muzima, familia yote. Picha ni ile ile: baba, mama, watoto wawili, kila mutu na simu yake, wote wanacheka. Bei imeandikwa kwa namba kubwa. Chini kabisa kuko mustari wa herufi ndogo sawa siafu. Leo tunaongea juu ya ule mustari.

Wengi wenu munatuuliza: «Tuchange tuchukue ile modemu, ao tuendelee na mega za kila siku?» Ni swali la maana. Leo kijana mwenye diplome mukononi anatafuta kazi kwa njia ya intaneti. Tangazo linatoka kwenye intaneti, dosie inatumwa kwa intaneti, hata maswali ya kazi wanakuuliza kwa video. Mega zikiisha katikati ya maongezi, yule bosi hatakungojea uende kwa kioski kutafuta unité. Kwa hiyo siye hatusemi kama intaneti ya nyumbani ni anasa. Tunasema: falanga ni kidogo, tujue tunanunua nini.

Musimamo wetu tunausema hapa juu. Ukiwa peke yako, mara nyingi ile forfe haikufaidii. Mukiwa watu 5 na zaidi ndani ya parsele moja, inaweza kuwafaidia, kama masharti 3 yanatimia: munajua kizingiti, mumepima kasi ya saa za jioni, na muko na umeme wa kutosha. Na hata hapo, kampuni ziko na deni kwetu, na serkali vilevile. Tueleze moja kwa moja.

«Ilimite» maana yake nini?

Katika mutandao hakuna kitu bila mupaka. Waya iko na kipimo chake, antene iko na kipimo chake, satelite vilevile. Kampuni inaposema «ilimite», inaahidi jambo moja tu: haitakukata kabisa mbele ya mwezi kuisha. Juu ya kasi, haijaahidi kitu.

Fungua mukataba, tafuta maneno ya Kifaransa «usage raisonnable» ao «usage équitable». Ule njo mulango wa nyuma. Maana yake: giga za kwanza unazipata kwa kasi yote, kisha kufika kwenye kizingiti fulani, wanapunguza kasi yako mpaka mwisho wa mwezi. Haujakatwa. Unatembea tu sawa kinyonga.

Tuchukue mufano wa hesabu. Kampuni inakuahidi megabiti 10 kwa sekunde. Angalisho la kwanza: kasi wanaihesabia kwa biti, lakini faili ndani ya simu yako inahesabiwa kwa okteti, na okteti 1 ni biti 8. Kwa hiyo megabiti 10 ni megaokteti 1 na robo tu kwa sekunde. Wengi wanaona ile «10» wanafikiri simu itashusha mega 10 kila sekunde. Apana.

Kwa kasi ile, faili ya giga 1 inashuka kwa dakika 13 hivi. Si mbaya. Sasa kizingiti kimefika, wanakuweka kwenye kilobiti 512. Faili ile ile itachukua zaidi ya saa 4. Bado ni ilimite. Kwenye karatasi hakuna aliyekudanganya.

Tuendelee mbele kidogo. Kwa kilobiti 512, hata ukishusha vitu usiku na muchana, siku 30, bila kusimama sekunde moja, utafika giga 166 hivi. Hauwezi kupita pale. Mupaka uko, ila wameuficha ndani ya kasi. Njo maana, mutu akikuambia «hii ni ilimite», muulize swali moja tu: kwa kasi gani, na mpaka giga ngapi?

Bomba moja, nyumba 20

Kila mutu wa kartie zetu anajua bomba la Regideso. Saa 10 ya alfajiri, ukiamuka peke yako, maji yanatoka kwa nguvu, unajaza bidoni haraka. Saa 1 ya asubui, wakati parsele zote zimefungua, unangojea mpaka muguu inauma.

Mutandao iko vile vile. Kampuni haiwekei kila nyumba njia yake yenyewe. Inachukua njia moja, inaigawanya kwa wateja 10, ao 20, wengine mpaka 50, kwa kuwa si wote wanaotumia dakika moja. Ile si wizi. Kugawanya njo kunafanya bei ya nyumbani iwe ndogo kuliko bei ya kampuni kubwa yenye njia yake peke yake. Shida ni kama hawakuambii muko wangapi kwenye bomba.

Ona vile hesabu inakuwa: megabiti 10, nyumba 20, wote wamefungua saa 2 ya usiku. Kila nyumba inabaki na nusu megabiti. Ni ile ile kasi ya kinyonga, na kizingiti chako bado hakijafika hata!

Na kasi nzuri wanakuonyesha saa ngapi? Saa 4 ya asubui, ndani ya duka lao, katikati ya muji. Lakini weye unaishi wapi? Katuba, Kenya, Ruashi, Kamalondo. Na unatumia saa ngapi? Jioni, wakati watoto wametoka masomo na wakubwa wametoka kazini. Basi kipimo chenye maana ni cha nyumbani kwako, kati ya saa 1 ya jioni na saa 4 ya usiku. Vipimo vingine ni vya bango.

Njia ni 3, hazifanani

Ya kwanza ni fibre, waya wa kioo. Kama inafika kwenu, njo yenye nguvu kuliko zote. Waya wa bahari unaoitwa WACS ulifika Moanda, na inchi yetu inautumia tangu mwaka 2013. Lakini Moanda na Lubumbashi, hata kwa mustari wa ndege, ni zaidi ya kilometa 1,500. Siye wa Katanga tuko pia na waya zinazoingia kutoka Zambia kwa upande wa Kasumbalesa. Swali la kuuliza si «muko na fibre?». Uliza: «fibre inafika mpaka kwenye parsele yetu, ao inaishia barabarani na mabaki ni hewa?» Uliza tena: waya ukikatwa na wale wanaochimba barabara, kuko njia ya pili?

Ya pili ni modemu ya 4G. Hii inatumia antene zile zile za simu. Hapa kuko kipimo chepesi mbele ya kununua chochote: chukua SIM ya kampuni ile, tia ndani ya simu, kaa ndani ya chumba chako saa 2 ya usiku, pima. Kama simu inazunguka tu bila kufungua video, modemu haitafanya muujiza. Inaweza kushika antene vizuri kidogo kuliko simu, lakini haiwezi kuongeza maji kwenye bomba.

Ya tatu ni satelite. Zile za zamani ziko juu kilometa 36,000. Neno lako linapanda, linashuka, jibu linapanda tena, linashuka: zaidi ya nusu sekunde kwa kila swali na jibu lake. Kusoma unaweza, kuongea kwa video ni mateso. Zile za Starlink ziko karibu zaidi, kilometa 550 hivi, kwa hiyo maongezi yanakwenda vizuri. Tukumbuke vile mambo ilipita kwetu: mwezi wa 3 mwaka 2024 ARPTC ilisema Starlink haina ruhusa ndani ya inchi, kisha mwezi wa 5 mwaka 2025 ikatangaza kuipa ruhusa. Basi leo ni njia kati ya njia zingine. Lakini ile sahani ya kawaida inakula wati 75 mpaka 100, na kwetu wati ni neno kubwa.

SNEL nayo iko ndani ya hesabu

Forfe ya mwezi ni siku 30, maana yake saa 720. Unalipa saa 720. Kama kartie yako inapata umeme saa 10 kwa siku, umetumia saa 300 tu. Kwa forfe ya dola 40, saa moja ilipaswa kuwa na bei ya senti 5 na nusu hivi. Sasa inakuwa senti 13. Bei imepanda mara 2 na zaidi, na kampuni haijagusa bango lake.

Utasema: nitatia batri. Sawa, tuhesabie nayo. Modemu ndogo inakula wati 10 hivi. Saa 14 za giza ni watisaa 140. Batri ya volti 12 na ampea 20 inabeba watisaa 240 kwa karatasi, lakini ile ya asidi usiishushe kupita nusu, itakufa haraka. Inabaki 120. Haifiki asubui, lakini jioni yote inapita, na mara nyingi jioni njo tunahitaji. Kwa sahani ya satelite ya wati 75, saa zile 14 zinataka watisaa zaidi ya 1,000. Pale tunaongea juu ya batri kubwa na paneli za jua, na ile ni falanga ingine kabisa. Iandike ndani ya hesabu yako mbele, usingoje kuigundua kisha.

Hesabu ya parsele

Sasa tuje kwa falanga. Bei zinabadilika, kwa hiyo namba hizi ni mufano tu, weka za kwako pahali pake.

Tuseme kila mutu anatumia nusu dola ya mega kila siku. Kwa mwezi ni dola 15. Tuseme forfe ya nyumbani ni dola 40 kwa mwezi, na modemu wameiuzisha dola 60. Ukigawanya modemu kwa miezi 12, ni dola 5 kwa mwezi. Jumla 45. Lakini usisahau: ukitoka nyumbani, ile wifi haikufuati. Kwa barabara, kwa iniversite, kwa soko utanunua mega bado. Tuseme dola 5 kwa kila mutu kwa mwezi.

Mutu 1: mbele alilipa dola 15, sasa atalipa 50. Hapana.

Watu 4: mbele walilipa 60, sasa watalipa 65. Hapana bado.

Watu 5: mbele 75, sasa 70. Faida inaanza hapa.

Watu 6: mbele 90, sasa 75. Dola 15 zinabaki ndani ya nyumba kila mwezi.

Njo maana tumesema watu 5. Lakini ngojeni, hesabu haijaisha. Siku mutandao umekatika, watu wale 6 wanarudia kununua mega zao: dola 3 kwa siku pahali pa dola 1. Kila siku ya kukatika inakula dola 2 za faida. Siku 8 za kukatika ndani ya mwezi, faida yote imekwisha, na mumebaki na modemu na deni. Kwa hiyo, mbele ya kuuliza bei, uliza jirani anayeitumia tayari: mwezi uliopita ilikatika siku ngapi?

Kuko faida zingine zisizoingia ndani ya hesabu hii. Mutu anayetumia mega za kila siku anaogopa kufungua somo la video la saa nzima. Anayekaa kwenye wifi ya nyumbani anajifunza bila kuangalia saa. Kwa yule anayefanya kazi kwa kompyuta, anayefundisha, anayetafsiri, anayetengeneza picha, ile ni ofisi yake, na pengine itamulipa hata akiwa peke yake. Tunaikubali. Lakini video nayo ina mudomo: ya HD kwenye Netflix inakula karibu giga 3 kwa saa, na mukutano wa Zoom wa watu wengi karibu giga 1 kwa saa. Kama kizingiti chenu ni giga 100, vijana watatu wanaoangalia filamu saa 2 kila usiku, kila mutu yake, watakifikia ndani ya siku 6 hivi. Basi patane ndani ya parsele: muchana kazi na masomo, filamu kwa kipimo kidogo, na kila mutu atoe muchango wake mbele ya tarehe. Parsele nyingi zimegombana juu ya wifi kuliko juu ya maji.

Mukataba wa kurasa 7

Nyumba moja ya parsele yetu ilichukua modemu ya kampuni moja, jina tunaliacha. Dada mumoja wa pale anatafsiri maandishi kwa wateja wa ngambo, njo kazi inayolisha wadogo wake. Siku 10 za kwanza ilikuwa furaha. Siku ya 11 kasi ikaanguka, faili hazipandi tena. Alipoenda kulalamika, kijana wa ofisi akamuambia kwa heshima yote: «Mama, soma mukataba.»

Mimi ninayeandika nimemaliza iniversite, natafuta kazi, muda wa kusoma niko nao. Tulikaa naye tukausoma. Kurasa 7, zote za Kifaransa. Juu ya «usage raisonnable» kulikuwa mustari mumoja: kampuni inajiwekea haki ya kupunguza kasi kulingana na matumizi. Giga ngapi? Haikuandikwa. Kasi gani kisha? Haikuandikwa. Kuvunja mukataba mbele ya miezi 12? Ile ilikuwa imeandikwa vizuri sana, pamoja na bei ya kulipa. Leo yule dada anaamuka saa 9 ya usiku kwa kutuma kazi yake, wakati kartie imelala na bomba iko wazi. Analipa kila mwezi kwa ajili ya saa zile mbili za usiku.

Hakuna adabu ya muteja inayoweza kutengeneza jambo hili. Alilipa tarehe ile ile kila mwezi. Kampuni njo haikuandika.

Maswali 7 mbele ya kutia saini

Chukueni karatasi, mwende nayo dukani, mumuombe muuzishaji aandike jibu na atie kashe:

1. Kizingiti ni giga ngapi kwa mwezi, ao kwa siku?
2. Kisha kizingiti, kasi inabaki ngapi?
3. Kasi ndogo kabisa ya saa 2 ya usiku ndani ya kartie yetu ni ngapi?
4. Mutandao ukikatika siku 3, tunaongezewa siku 3 ao tumezipoteza?
5. Modemu ni yetu, ao tunairudisha? Inakubali SIM ya kampuni ingine?
6. Tunafungwa miezi ngapi, na kutoka mbele ya wakati ni bei gani?
7. Tunaruhusiwa kutumia parsele nzima, ao nyumba moja tu?

Kama anajibu kwa mudomo tu na anakataa kuandika, amekwisha kukujibu. Rudi nyumbani na falanga yako. Kama kuko forfe ya mwezi mumoja bila kufungwa, anza na ile, hata kama bei yake iko juu kidogo. Mwezi mumoja wa kupima ni bei ndogo kuliko miezi 12 ya kujuta.

Juu ya nini hili ni jambo letu wote

Wengine watasema: muvumo wa wanainchi unaingia namna gani ndani ya biashara ya modemu? Kila mutu asome mukataba wake!

Tuwakumbushe. Mwaka 2020 walituletea RAM, ile pesa ya kuandikisha simu, mpaka dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G na 4G, na ilikatwa moja kwa moja ndani ya unité zetu. Kila mutu peke yake alilia peke yake. Tulipolia pamoja, barabarani, kwenye redio na mutandaoni, na wabunge wakalazimika kuuliza, mwaka 2022 ikaondolewa. Ile ndiyo tofauti kati ya malalamiko na sauti.

Tukumbuke tena: mwezi wa 1 mwaka 2015 intaneti ilikatwa wakati wanainchi walipinga sheria ya uchaguzi. Mwisho wa mwaka 2018, kisha tu uchaguzi, ilikatwa tena, karibu siku 20. Wale waliokuwa wamelipa forfe ya mwezi, «ilimite» yao ilikuwa wapi siku zile? Intaneti ya nyumbani iko na mupaka mwingine usioandikwa kwenye bango lolote: mukono wa serkali kwenye kifungo.

Na kuko bei yenyewe. Tume ya Umoja wa Mataifa juu ya intaneti iliweka lengo kwamba, kufika 2025, intaneti ya musingi isipite asilimia 2 ya mapato ya mutu kwa mwezi. Kwa anayepata dola 100 kwa mwezi, ile ni dola 2. Angalia bango la kwenu, kisha angalia hesabu hii. Parsele kuchangia ni akili ya wanainchi, lakini haifuti swali: juu ya nini inchi yenye kuuzishia dunia kobalti ya betri, vijana wake wanangojea saa 9 ya usiku kwa kutuma faili?

Sheria iko. Sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 juu ya mawasiliano iko, na ARPTC iko tangu sheria ya mwaka 2002. Kwa hiyo tunadai:

*Kwa kampuni:* Neno «ilimite» lisiandikwe tena kwenye bango bila kizingiti na kasi ya kisha kizingiti, kwa herufi za ukubwa ule ule. Siku iliyokatika iongezwe mwisho wa mwezi, bila muteja kuja kupiga magoti.

*Kwa ARPTC:* Mupime kasi ya kweli ya jioni, muji kwa muji, kampuni kwa kampuni, na mutangaze mbele ya wote kila miezi 3. Mukataba wa wateja utolewe pia kwa Kiswahili, Kilingala, Kitshiluba na Kikongo. Katiba inaziita luga za taifa. Basi ziingie ndani ya mukataba ambao taifa linatia saini.

*Kwa serkali:* Kusikatwe tena intaneti kwa sababu wanainchi wanaongea. Na umeme, umeme, umeme. Fibre bila kuranti ni kamba ya kuanikia nguo.

Wiki hii tufanye nini?

Hatungojei jibu tukiwa tumekaa. Kila mutu aliye na intaneti ya nyumbani, pima kasi siku 7, mara 3 kwa siku: asubui, saa 2 ya usiku, na mbele ya kulala. Fast.com inatosha. Andika tarehe, saa, kartie, aina ya njia, kasi uliyoahidiwa na kasi uliyoona. Siku umeme haukuwako, andika vilevile. Usitie jina la mutu wala namba ya simu. Leta karatasi yako kwenye mukutano wa kartie wa mwisho wa wiki. Tutaziunganisha, na tutazipeleka pamoja kwenye ofisi za kampuni na kwa ARPTC.

Tufanye kwa utulivu, bila kutukana wale vijana wa dukani. Nao ni wenzetu, wengi wana diplome sawa yetu, wanauzisha kile walichopewa kuuzisha.

Mwenye bango anategemea kwamba hatutasoma mustari wa chini na hatutapima saa 2 ya usiku. Tusome. Tupime. Na ile modemu tutakayoinunua, tuinunue kwa macho wazi, watu 5 nyuma yake, karatasi yenye kashe mukononi.